Siku moja ya dalali wa nyumba Tanga

Saa 11 alfajiri

Naamka kabla ya adhana, nawasha jiko la mkaa uani, nabandika maji ya chai. Nakaa Ngamiani, kwenye nyumba aliyotuachia marehemu baba, na kazi yangu ni udalali wa nyumba. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Leo nina wageni: mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tabora, mumewe aliyepata kazi bandarini, na binti yao wa darasa la pili. Walishuka stendi ya Kange jana usiku na mabegi saba, wakalala gesti.

Wageni wa aina hii wameongezeka sana. Tangu bandari ichimbwe hadi kina cha mita 13 na meli kubwa zianze kufunga gatini, halafu likaja bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, linaloishia hapa kwetu Chongoleani, simu yangu haipumziki. Nashukuru. Ila kuna jambo linaniuma. Wapangaji wangu walioondoka kabla ya mwaka kwisha, wengi wao hawakukimbia paa linalovuja wala maji ya kukatika. Walikimbia upweke. Mtu anakaa miezi minane mtaani, jina lake analijua mwenye nyumba peke yake. Kwa hiyo siku hizi sianzi na nyumba.

Saa 1 asubuhi

Naanza na mbaazi. Nimewapitia gesti na bajaji, tukaenda moja kwa moja kwa mama mmoja anayeuza chai barazani kwake. Mbaazi zake zimelala kwenye maji usiku kucha, zimechemka mpaka zimelainika, na tui zito analimimina mwishoni kabisa, kisha anakoroga taratibu kwa upande mmoja lisikatike. Mahamri yanatoka kwenye karai yamevimba, ukilichana moja mvuke wa iliki unakupiga usoni. Binti alikula mawili, akanyoosha mkono kuchukua la tatu huku anamwangalia mama yake. Mama muuzaji akamwekea kwenye sahani, akasema, "Hilo la ugeni, mwanangu. Kesho utalipa."

Lile neno "kesho" ndilo nililowaleta walisikie.

Saa 2 na nusu

Soko la samaki, Deep Sea. Mwalimu amezoea sato na migebuka ya kukaushwa. Mbele ya changu, tasi, kibua na kolekole akasimama kimya. Nikamwambia mambo machache ambayo mimi niliyajua kwa kutumwa na mama yangu nikiwa mdogo. Funua shavu: likiwa jekundu la damu mbichi, chukua, likiwa la kahawia, sogea mbele. Jicho liwe limejaa, lisizame. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi mahali pake. Na jua upepo. Msimu huu wa kusi bahari inachafuka, ngalawa nyingi hazitoki, kwa hiyo samaki anapanda bei na si kwamba umeonewa kwa ugeni wako. Kaskazi ikiingia, bahari itatulia na bei itashuka. Pweza msubiri bamvua, maji yakitoka mbali akina mama wanapoingia mwambani kumtafuta.

Kisha nikampeleka kwa kijana mmoja anayeniita shangazi, tangu anajifunza kupara samaki namjua. "Huyu ni mgeni wangu," nikamwambia, "akija peke yake, umuuzie kama unavyoniuzia mimi." Akachagua fungu la changu, akapara, akatumbua, akafunga. Mwalimu akaandika namba yake kwenye simu. Namba hiyo itamfaa kuliko ramani yoyote.

Saa 4 hadi saa 7

Nyumba. Ya kwanza Sahare, nzuri, mpya, vigae hadi jikoni, upepo wa bahari unaingia. Lakini kutoka hapo hadi kituo cha daladala ni mwendo, na jirani wa karibu ni ukuta mrefu wenye geti la chuma. Mume aliipenda. Mimi nilisema ninachokiona, nikanyamaza, kwa sababu mwenye kulipa ni yeye.

Ya pili sitasema iko mtaa gani. Mwenye nyumba tulipatana naye wiki iliyopita, laki mbili na nusu kwa mwezi. Alipoona kitambulisho cha bandari shingoni mwa yule baba, akasema ni laki tatu na nusu, "hali imebadilika". Nilisikia joto usoni. Kwa hesabu ya dalali, kodi ikipanda na mimi fungu langu linapanda, maana napata kodi ya mwezi mmoja. Nikawaambia wageni turudi kwenye bajaji. Ile nyumba nimeifuta kwenye daftari. Mtu ambaye bei yake inafuata kitambulisho shingoni atakusumbua kila miezi sita.

Njiani niliwaeleza ya kuangalia kila waendapo: Luku, yaani mita ya umeme, iwe ya peke yako au mmegawanaje, maji yanatoka siku zipi, mkataba uandikwe hata kama mwenye nyumba ni mtu wa dini, na ukishahamia uende ukajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyohiyo.

Saa 8 mchana

Jua kali, nyumba hazionyeki vizuri mtu akiwa amechoka. Tukavuka reli tukaenda mjini, kwenye vivuli. Nikawaonyesha mnara wa saa uliojengwa na Wajerumani mwaka 1901, na boma lao la zamani ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi. Binti aliuliza kisiwa kilicho mbele ya bandari kinaitwaje. Toten, nikamwambia, kwa Kijerumani maana yake wafu. Akataka kujua kama kuna mizimu. Nikamwambia kuna magofu na makaburi, na siku moja baba yake akodi boti wakayaone.

Mume akaniuliza Jumapili waende wapi. Hapo ndipo ninapopenda kazi yangu. Raskazone kuogelea, hilo ni la kwanza. Mapango ya Amboni yako kaskazini mwa mji, kama kilomita nane kwa barabara ya Mombasa. Wavae viatu visivyoteleza, na karibu na hapo kuna chemchemi ya Galanos, maji ya moto yenye salfa, harufu yake kali, lakini wazee wenye maumivu ya viungo wanaiamini. Kwa barabara ya Pangani kuna magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya nguzo. Na mwalimu, kwa kuwa anafundisha Kiswahili, nikamwambia asimalize muhula hajafika Machui. Shaaban Robert alizaliwa upande huo mwaka 1909, na huko ndiko alikozikwa mwaka 1962. Alinyamaza kidogo. "Kumbe nimehamishiwa kwao," akasema.

Kabla hatujaondoka tulinunua machungwa ya Muheza, dazeni moja. Ni msimu wake, mkokoteni umejaa hadi yanaporomoka.

Saa 10 jioni

Nyumba ya tatu iko Ngamiani, mitaa minne kutoka kwangu. Mgeni hupata shida kwanza, maana barabara zetu ni namba tu, Barabara ya Kwanza, ya Pili, mpaka zimepita ishirini, lakini ukishaelewa huwezi kupotea hata usiku. Nyumba yenyewe ni ya zamani, dari iko juu, vyumba vitatu, ua wa ndani wenye mkomamanga. Vigae hakuna, sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Laki mbili, Luku yake.

Kwenye baraza la nyumba ya jirani alikuwepo bibi mmoja anachambua mchele kwenye ungo. Mwalimu akamwamkia, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia marahaba, akauliza habari za safari, za huko walikotoka, za wazazi waliobaki, za mtoto, akaulizia na masomo ya mtoto. Mume alikuwa ameshashika mlango anataka kuingia ndani aone vyumba. Nikamgusa mkono. Hapa salamu haikatwi, baba. Akarudi, akakaa kwenye kingo ya baraza, akasalimia upya. Bibi akasogeza ungo kumpa nafasi. Walikaa pale labda dakika kumi, na nyumba wakaiona baadaye kwa muda mfupi kuliko huo.

Wakaichukua. Kodi ya miezi sita, mkataba tukaandikiana, tukapita kwa mwenyekiti. Mume akauliza bandarini kutoka hapo ni nauli gani. Nikamwambia anunue baiskeli. Mji wetu ni tambarare, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, tunapanda baiskeli, na mafundi wa kuziba pancha hawakosekani njiani.

Saa 12 jioni

Wakati magodoro yanapakiwa kwenye guta, nilimchukua mwalimu na binti tukaenda kwa mama wa mkate wa kumimina, kona ya barabara yao. Unga wa mchele, tui, sukari, hamira na iliki, uji mzito unamiminwa kwenye sufuria, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Kazi yote ni huo moto wa juu. Ukizidi, mkate unaungua uso na tumbo ni bichi. Ukipungua, unakaa mweupe. Yule mama hatazami saa. Anasogeza mkono juu ya makaa, anaondoa kaa moja, anasubiri. Alipofunua, uso ulikuwa wa rangi ya asali. Upande wa pili wa barabara wanaume walikuwa wameshakaa kwenye kahawa na kashata wakibishana kuhusu Coastal Union, timu yetu ya mpira, na mume wa mwalimu, aliyekuja kututafuta, akabaki hapo. Walikuwa wakimsimulia ubingwa wa 1988 kama wa juzi. Tulimwacha.

Saa 3 usiku

Nimesali, nimekula, nimeandika daftari. Simu ikaita. Mwalimu anaongea kwa sauti ya chini: bibi wa jirani amewatumia sahani ya wali na changu wa kupaka, amesema amejua hawajapanga jiko. Sasa sahani wameshaiosha. Wairudishe usiku huu au kesho?

Kesho asubuhi, nikamwambia, na isirudi tupu. Weka chochote juu yake.

"Mama, ndani hatuna kitu. Yamebaki machungwa manne."

Nikamwambia manne yanatosha.