Mwaka niliokabidhiwa mwiko

Mama watoto alipopata nafasi ya kwenda kusoma Dodoma, Oktoba 2023, nilichowaza kwanza ni ada, kisha kodi ya chumba chake huko. Suala la nani atapika halikunijia kichwani mpaka jioni ile basi lilipoondoka Msamvu. Nilirudi nyumbani nikakuta watu watatu wamekaa sebuleni wananitazama: mama yangu mzazi, binti yangu wa darasa la sita na mdogo wake wa darasa la kwanza. Mama ndiye aliyeanza. "Haya baba, leo tunakula nini?"

Tulikula chipsi mayai. Jumatatu chipsi mayai tena. Jumanne nikajipa moyo nikasonga ugali, ukatoka na madonge ambayo ukiyapasua unakuta unga mkavu ndani. Mdogo aliyakusanya pembeni mwa sahani akawa anayahesabu. Mimi nafundisha hisabati sekondari hapa Morogoro, nina miaka arobaini na moja, na mpaka siku hiyo nilichojua jikoni ni chai na mayai.

Ugali nilijifunza baada ya wiki mbili. Shida ya pili ilichukua muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayotaka kuisimulia.

Mama ana presha. Mwishoni mwa Novemba nilimpeleka kliniki kama kawaida, nesi akapima, akapima tena, akaandika, kisha akanigeukia. "Nyumbani anapika nani siku hizi?"

"Mimi."

"Chumvi unatia kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha kwa nani?"

Akanieleza kwamba mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani ya hicho kijiko inahesabiwa chumvi yote: ya kwenye mkate, ya kwenye dagaa waliokaushwa kwa chumvi, ya kwenye vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Nilirudi nyumbani nikafanya ninachokijua, nikapima. Siku nzima, kila nilipotaka kutia chumvi, niliitia kwanza kwenye kijiko cha chai nikahesabu. Vijiko vitano kwa watu wanne, na wawili kati yao ni watoto. Juu yake vipande viwili vya kiungo cha pakiti, ambavyo ukisoma nyuma ya karatasi yake unakuta chumvi ndiyo iliyoandikwa mwanzo. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa ameshapita kijiko chake kabla hata ya kugusa mkate.

Nikaona nipime na mafuta. Nilikuwa nakamulia kwenye sufuria moja kwa moja kutoka kwenye chupa, kwa jicho, kama nilivyozoea kuwaona wauza chipsi. Lita moja iliisha siku ya tisa. Nikanunua nyingine, hii nikaipima kwa kijiko cha chakula: vijiko vitatu kwa mboga ya mchana na usiku, kimoja cha kitu kingine kama kipo. Ilifika siku ya kumi na saba. Hakuna aliyegundua tofauti ya ladha. Walichogundua ni kwamba mboga haielei tena. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, kwa hiyo chupa ndiyo mahali ambapo mkono ukiteleza kidogo tu hesabu inaharibika sana. Lakini mafuta si ya kufuta kabisa. Vitamini A ya kwenye karoti, mchicha na matembele inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue. Kwa hiyo kijiko kibaki, chupa irudi kabatini.

Hapo katikati nilipitia wiki ya ujinga, niseme ukweli. Nilisoma soma kwenye simu nikaingia supamaketi, nikatoka na shayiri ya pakiti, mkate wa rangi ya kahawia na kichupa cha mafuta ya zeituni ambacho bei yake ingenunua dagaa wa mwezi mzima. Watoto waliikataa ile shayiri siku ya kwanza. Mama alionja akasema, "Baba, huu ni uji wa mgonjwa, na mimi sijalazwa." Kichupa nilikiweka juu ya friji na sijakigusa mpaka leo, sioni haja.

Kilichonirudisha kwenye mstari ni bango la makundi ya chakula pale pale kliniki. Nimelipita miaka yote kama unavyopita tangazo la chama. Safari iliyofuata nilisimama nikalisoma: nafaka, mizizi na ndizi, mikunde, nyama, samaki, mayai na maziwa, mboga, matunda, mafuta kidogo. Vyote hivyo vinauzwa Soko Kuu la Chifu Kingalu, dakika kumi kwa bodaboda. Nikafikiria sahani zetu. Mlima wa ugali au wali, kijito cha mchuzi, na mchicha wa kupigia picha. Tatizo halikuwa kukosa chakula cha maana. Ugali ulikuwa umekaa mahali pa mboga.

Basi nikapunguza. Nilianza kuwapakulia, kila mtu na sahani yake, kwa sababu kwenye sinia huwezi kujua nani kala nini, na mwenye mkono mwepesi anamaliza samaki. Mboga na matunda nusu ya sahani, ugali robo na ushei, kitoweo au maharage pale palipobaki. Wiki ya kwanza saa tatu usiku njaa ilituuma. Mdogo alikuja chumbani kwangu kuuliza kama chakula kimeisha dukani. Nilikosea: nilipunguza ugali bila kuongeza maharage. Nilipoongeza upawa mmoja wa maharage kwa kila mtu, malalamiko ya saa tatu yakaisha.

Maharage nayo yana kisa chake. Mara ya kwanza niliyaweka jikoni saa kumi jioni yakiwa makavu, saa moja na nusu bado yanarukaruka kwenye sufuria, na gesi ikakata. Tulikula chapati za kununua. Kesho yake Mama alinionyesha: unachagua, unaosha, unaloweka usiku, asubuhi unamwaga yale maji, unatia mengine, unayachemsha kwa moto mkali kwanza ndipo unapunguza. Chumvi mwishoni. Yakilala kwenye maji, muda unapungua sana na tumbo halijai gesi. Siku hizi nachemsha sufuria kubwa Jumapili, nagawa kwenye makopo, yanaingia friji. Nikitoka shule nimechoka nakuta nusu ya kazi imeshafanyika.

Jirani alinishauri njia ya mkato, kijiko cha magadi, maharage yanalainika haraka. Ni kweli yanalainika. Lakini magadi yana sodiamu, ile ile iliyoko kwenye chumvi, na yanaharibu baadhi ya vitamini B. Kwa mtu mwenye presha ni kumwongezea chumvi kwa mlango wa nyuma. Hapa ndipo niligombana na Mama, maana yeye kwake mlenda usio na magadi si mlenda. Nilijaribu bila magadi, nikazidisha bamia ili uvutike, nikaweka nyanya na karanga za kusaga. Alikula. Aliposukuma sahani alisema, "Umepika mboga nzuri. Sijui inaitwaje."

Chumvi ilipopungua, ladha ilibidi itoke kwingine: kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, ndimu ya kukamulia mwishoni. Ndimu ina kazi nyingine tena. Mboga za majani na maharage zina madini ya chuma, ila mwili hauyachukui kwa urahisi. Vitamini C inasaidia yaingie, na chai ya rangi inayazuia. Sisi tulikuwa tunakunywa chai juu ya chakula, kila mlo. Nikaisogeza, walau saa moja baada ya kula. Badala yake mezani panakuwa na chungwa, embe likiwa msimu wake, au maji ya ubuyu, ambao una vitamini C nyingi, mradi usiugeuze kuwa sharubati ya sukari.

Mboga za majani zinahitaji haraka, na mimi nilikuwa nazipika kama nyama. Unaosha kabla ya kukata, si baada, maana ukishakata virutubisho vinaondoka na maji. Kitunguu, nyanya, kijiko cha mafuta, mchicha ndani, dakika tatu nne, unaepua ungali kijani. Nilifurahia kanuni hiyo kiasi kwamba siku moja nilinunua kisamvu kibichi nikataka kukitendea vile vile. Mama alisikia harufu kutoka uani, akaja akiwa na kanga ya kichwani mkononi. "Unataka kutuua?" Kisamvu kibichi kina sumu. Lazima kitwangwe, kichemshwe sana bila kufunikwa, ndipo kiungwe kwa nazi au karanga. Kwa hiyo anayeanza kupika asichukue kanuni ya mboga moja akaipeleka kwa nyingine kabla ya kuuliza wakubwa.

Kwenye kitoweo, dagaa ndio waliotuokoa mfukoni. Unakula samaki mzima na mifupa yake, ndimo ilimo kalsiamu. Wa Mwanza wana mchanga. Natoa vichwa, naosha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wapige kelele, ndipo nyanya na kitunguu vinaingia. Siku nne za wiki ni dagaa, mayai au mikunde. Nyama Jumapili.

Unga nilihamia dona. Mahindi ya sembe yakikobolewa kinaondoka kiini na ganda, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Dona haikai muda mrefu kwa sababu kiini kina mafuta yanayochacha, kwa hiyo nasagisha kilo 10 tu kwa mara moja. Kabla ya kwenda mashineni tunachambua mahindi, mimi na watoto, kwenye ungo. Lililooza au lenye ukungu linatupwa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Karanga nazo nachambua hivyo hivyo. Ndiyo maana nimeacha kununua ule unga wa lishe uliochanganywa nafaka kumi na mbili, soya na karanga humo humo. Sijui nani alichambua, na kila kimoja kinaiva kwa wakati wake. Napika uji wa ulezi, maziwa yanaingia mwishoni.

Watoto walikubali mboga kwa hila ndogo: Jumamosi kila mmoja anachagua fungu moja sokoni kwa hela aliyopewa. Mdogo mara zote anachagua karoti za Mgeta kwa sababu zinakuja na majani yake na mchuuzi anamwita "bosi". Bamia ameikataa mpaka kesho. Simlazimishi, alichochagua yeye anakila, na bamia ipo sahani ya jirani anaiona.

Soda haikufutwa. Ipo siku za sherehe na mgeni akija. Juisi ya unga ndiyo iliyoondoka, na sikumbuki mtu aliyeiulizia.

Kliniki ya Aprili presha ya Mama ilikuwa imeshuka kidogo. Nesi alifurahi, akasema dawa ziendelee vile vile, zisiguswe. Mimi sikuwa nimetarajia zaidi ya hapo, ila Mama alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani kwamba ameponywa na mwanawe kwa mchicha, ikabidi nizunguke nyumba tatu kusahihisha.

Mama watoto alikuja likizo mwezi wa saba. Nilimpikia wali wa mchele wa Kilombero, kunde kwa tui jepesi, matembele na perege wa kuchoma. Alikula kimya kimya, akaomba chumvi. Watu watatu wakamwambia kwa pamoja haipo mezani. Akaomba ndimu.

Wali wa nazi bado unanishinda, unashika chini kila mara. Na juzi, nikitafuta majani ya chai, nimekuta kifuko cha nailoni nyuma ya kopo, kimefungwa fundo mara mbili, ndani mna magadi. Nilimuuliza Mama. Akasema ni ya kusafishia masufuria.