Ukuu wa idara nilivyojifunza kwa kozi huria

Barua ya kuniteua mkuu wa idara ilinikuta na uzamivu wa kemia, lakini bajeti sikuwa nimewahi kuandaa hata ya harusi. Vyuo vyetu ndivyo vinavyopata viongozi hivyo: leo uko maabara, kesho unaulizwa ikama, yaani idara inahitaji watumishi wangapi. Mafunzo ya uongozi yapo, ila husubiri fungu.

Nikageukia kozi huria za mtandaoni. Za OpenLearn, ya The Open University ya Uingereza, hulipii hata hati ya ushiriki. Cheti cha Coursera nilikipata kwa kuomba msaada wa ada: nilieleza kipato changu na sababu zangu, kisha nikasubiri jibu.

Wanaoanza kozi hizi wengi hawazimalizi. Mimi kutomaliza ndio ulikuwa mpango wangu. Msimu wa bajeti nilisoma sehemu za bajeti tu. Tathmini ya watumishi ilipokaribia, nikahamia huko. Video nilizipakua kwa intaneti ya chuo ili nisile bando, nikazisikiliza kwenye daladala.

Kazi yenyewe ilikuwa Ijumaa jioni, na wakuu wenzangu wawili, mmoja wa uhandisi, mwingine wa uchumi. Kila mfano wa kozi tuliuuliza: hapa kwetu nani anaamua? Mhadhiri mmoja wa Marekani alieleza jinsi mkuu anavyoweza kutumia mshahara wa nafasi iliyo wazi kulipa walimu wa muda. Tulicheka. Chuo cha umma Tanzania, kibali cha ajira hutoka Ofisi ya Rais, Utumishi, na mshahara wa mtu ambaye hajaajiriwa si pesa iliyo mkononi mwako. Sasa kilicho mkononi mwetu ni kipi? Mgawanyo wa vipindi.

Nikachora jedwali: kila mwalimu, vipindi vyake, idadi ya wanafunzi, miradi anayosimamia. Kwenye kikao cha idara profesa mmoja, aliyenifundisha mwaka wa kwanza, aliniuliza, "Mkuu, haya ya Ulaya yatatufaa?" Nikamwomba asome mstari wake mwenyewe. Alikuwa amebeba mzigo mkubwa kuliko vijana wote. Mjadala ukawa mkali, ila safari hii ulikuwa wa takwimu.

Vyeti viko kwenye jalada langu kwa afisa utumishi, cheo havijanipa. Zamu hii tunasoma ununuzi, na kwa kuwa kozi za nje haziujui NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma Tanzania, Ijumaa tumemwalika afisa ununuzi aje na kompyuta yake.