Kurasa mbili zilizotuletea pesa maji yakiwa bado yamejaa

Kikundi chetu cha kijamii kilipoanza kuomba fedha za kusaidia waathirika wa mafuriko, mtaalamu mmoja tuliyemlipa (pesa ile inaniuma hadi leo) alituambia: andiko likiwa nene, mfadhili huona haya kukataa. Basi tukaandika kurasa 34. Ramani za rangi, uchambuzi wa kila kitu, na jedwali la matokeo lililogoma kabisa kuenea kwenye ukurasa mmoja. Nililichapa mimi, usiku kucha, majirani wakiwa na maji hadi dirishani. Jibu lilikuja baada ya miezi minne: tuleteeni hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Watu walishaanika magodoro wakayalalia tena.

Mtaalamu huyohuyo ndiye aliyetutuma tuombe CERF, mfuko wa Umoja wa Mataifa, ambao hupeleka fedha zake kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa. Sisi kikundi cha watu 19 na ndoo!

Mwaka uliofuata nikaamua kujiandaa kiangazi. Vyeti, mihtasari ya vikao, profoma (ankara za bei kabla ya kununua) za maturubai, hayo yalikuwa madogo. Kilichonitoa jasho ni saini. Benki ilidai mwenyekiti na mhazini, wote wawili, na mhazini wetu anakaa ng'ambo ya mto. Kwenye yale mafuriko alikuwa juu ya paa huku michango yetu wenyewe imelala kwenye akaunti. Nikawabana wenzangu: watia saini wawe wanne, wawili wowote watoshe. Mwenyekiti alininunia wiki nzima akidhani nampindua.

Mvua iliporudi tuliomba kupitia shirika mwanachama wa Start Fund, mfuko wa dharura unaoendeshwa na mtandao wa mashirika ya misaada. Mfuko huo huamua ndani ya saa 72, na kazi inatakiwa iishe ndani ya siku 45. Tuliandika kurasa mbili: kaya ngapi, ziko wapi, leo wanakosa nini, nani atanunua. Tukaambatisha picha ya alama ya maji ukutani, futi kamba ya fundi imeshikwa kando yake. Picha hiyo ilizishinda ramani zangu zote.

Siku ya tano tulikuwa tunapakia maturubai. Ile ahadi ya wafadhili na mashirika makubwa ya 2016 (Grand Bargain), kwamba robo ya fedha za misaada iwafikie wenyeji, naisikia warshani tu. Kwenye akaunti sijakutana nayo.

Risiti nazo! Mwenye mtumbwi hajui kuandika, tukavunja kalamu tupate wino, akachovya dole gumba. Mkaguzi aliigeuzageuza ile karatasi yenye madoa, akacheka, akaipokea.