Kisigino cha mwanangu

Msimu wa korosho uliopita, barabara ya Mikindani, mwanangu wa miaka tisa alikuwa amepakiwa nyuma ya bodaboda. Ndala ikamtoka, kisigino kikaingia kwenye spoki. Ngozi ya nyuma ilichunika yote, na chini yake nikaona kitu cheupe kinang'aa. Nikadhani mfupa. Kumbe ni kano, ile inayotoka kwenye kigimbi.

Tulikofika kwanza walirudishia ngozi ileile, wakaishona. Siku ya sita ilikuwa nyeusi, inanuka. Bado naumia nikikumbuka zile siku sita.

Hospitali kubwa wakasafisha, wakakata kilichokufa. Nikamuuliza daktari kwa nini asichukue ngozi ya pajani, atandike, yaishe. "Mama, ile ngozi haiji na damu yake. Inanyonya pale inapowekwa, na kano ikiwa wazi haina cha kuinyonyesha." Kwa hiyo akainua kipande kwenye kigimbi, ngozi pamoja na mafuta yake, akakiacha kimeshikiliwa na ukanda wenye mishipa ya damu juu kidogo ya kifundo, akakigeuza kikashuka hadi kisiginoni. Wao wanaita flapu. Ngozi ya paja ikaenda kuziba pale kigimbini. Alinionya mapema kwamba mshipa mmoja wa fahamu ungekatwa, na ubavu wa nje wa mguu ungebaki na ganzi.

Mtoto akalazwa kifudifudi, mguu kwenye mito, flapu isiguse kitu. Kila saa nesi aliigusa kwa mgongo wa kiganja, akaibonyeza kwa kidole, akaachia, akahesabu hadi rangi irudi. Kwa weusi wetu rangi inasumbua kuonekana, akanifundisha kutazama joto na uvimbe pia. Usiku wa pili mimi ndiye niliyemwita: ukingo umetuna, umeiva zambarau. Damu inaingia, haipati pa kutokea. Daktari akalegeza bandeji, akafungua nyuzi mbili. Hadi adhana ya alfajiri uvimbe ulikuwa umeanza kunywea. Sikulala, na sikusikia usingizi.

Ukafa ukingo mwembamba tu, kama upana wa ukucha.

Sasa anacheza mpira. Kiraka ni kinene, kiatu cha shule kilikataa, fundi wa sokoni akakata nyuma na kushonea ngozi laini. Kila jioni namvua viatu mwenyewe, nakagua. Jana nimekuta kokoto, na alama yake imezama kisiginoni. Alitembea nayo kutwa, hakuisikia.