Siyo ya Mfalme Haakon

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Mathayo 5:37: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo, kwa kuwa yazidiyo hayo yatoka kwa yule mwovu."

Neno hili limenipeleka Norwei, Aprili 1940, kwa mzee wa miaka 67, mjane, Mfalme Haakon wa Saba. Alikuwa mfalme asiyeamuru. Kutawala kulikuwa kwa mawaziri na Bunge. Kwake zililetwa karatasi za kutiwa sahihi. Na kiti chenyewe hakukirukia. Norwei ilipoachana na Uswidi mwaka 1905, yeye alikuwa mwanamfalme wa Denmark. Alipopelekewa habari za taji, akataka wananchi waulizwe kwanza. Kura 259,563 zikasema ndiyo, 69,264 zikasema hapana. Hapo ndipo akakubali.

Alfajiri ya Aprili 9, 1940, Wajerumani waliivamia nchi. Meli yao ya vita Blücher ilizamishwa na ngome ya Oscarsborg kabla ya kufika Oslo, na saa zile chache zikampa mfalme, mawaziri na wabunge nafasi ya kupanda treni na kutoka mjini. Jioni Vidkun Quisling, ambaye chama chake hakikuwa na hata kiti kimoja bungeni, akajitangaza redioni kuwa waziri mkuu. Kesho yake balozi wa Ujerumani, Curt Bräuer, akamfuata mfalme hadi Elverum na sharti moja kubwa: Quisling ateuliwe.

Hapa naomba tukae kidogo. Mfalme hakujibu papo hapo. Alisema hawezi kutoa jibu bila mawaziri wake, akaenda kukutana nao katika kijiji cha Nybergsund. Akawaambia kwamba uamuzi ni wao, na kwamba mabaya yatakayowapata watu yanamlemea sana moyoni. Ila yeye hawezi kumteua mtu ambaye wananchi na Bunge hawana imani naye. Wao wakiona vyema kukubali, wakubali, yeye atang'atuka.

Hakupiga meza, wala hakumlazimisha mtu. Aliweka mbele yao kitu kimoja kilichokuwa chake, yaani kiti chake, akawaachia nafasi ya kuamua. Siyo zetu nyingi hulipwa na wengine: baba anakataa, njaa inawapata watoto, bosi anakaza msimamo, anayefukuzwa ni mlinzi wa getini. Siyo ya Haakon ilianza kumgharimu yeye mwenyewe. Nils Hjelmtveit, aliyekuwa waziri wa kanisa na elimu siku ile, aliandika baadaye jinsi maneno yale yalivyowagusa wote. Wakasimama naye.

Niliwahi kuwa mweka hazina wa kikundi fulani. Nikaletewa hati ya kupokea viti 60 ambavyo sikuviona hata kimoja. Sahihi tatu zilikuwa zimeshawekwa juu ya nafasi yangu. Nikaazima kalamu, nikasaini. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Mfalme yule alishikiwa. Aprili 11 ndege za Kijerumani zikaipiga Nybergsund mabomu, naye na mwanawe Olav wakakimbilia msituni, kwenye theluji. Ipo picha yao iliyopigwa mjini Molde baadaye mwezi huohuo: baba na mwana, makoti mazito, wamesimama kando ya mti wenye gome jeupe. Juni 7 wakavuka kwenda Uingereza. Viongozi wa Bunge waliobaki Oslo, wakiwa wamebanwa, wakamtaka aache ufalme. Akakataa tena, na jibu lake likasomwa redioni kutoka London. Watu nyumbani wakawa wanachora ukutani H na 7, alama ya jina lake.

Siyo ile haikumwokoa kila mtu, na lazima tuliseme hili. Zaidi ya Wayahudi 700 walichukuliwa Norwei na kupelekwa kwenye kambi za mauaji. Waliorudi hai hawakufika hata 50. Polisi wa Norwei wenyewe walishiriki kuwakamata. Nao pia waliletewa karatasi, wakasema ndiyo.

Kanisa nalo lilifikiwa na zamu yake. Siku ya Pasaka, Aprili 5, 1942, wachungaji wa Kilutheri, walio wengi mno, walijitoa katika utumishi wa serikali iliyowekwa na Wajerumani. Mshahara wa serikali wakauacha. Kubatiza, kuzika na kuhubiri hawakuacha. Askofu Eivind Berggrav alitengwa peke yake kwenye kibanda msituni, chini ya ulinzi, karibu hadi vita vilipokwisha.

Juni 7, 1945, miaka mitano kamili tangu aondoke, mfalme alishuka bandarini Oslo.

Wiki hii, wapendwa, tuwaombee wenye kalamu mkononi: karani wa ardhi, mwalimu mkuu, mtunza stoo ya dawa, mzee wa kanisa anayeletewa hesabu jioni akiambiwa wenzako wote wameshasaini.