Shawa ya lita 7.6 na tangi la juu ya paa

Kwenye karatasi, shawa ndiyo sehemu nyepesi ya hesabu ya maji. LEED, mfumo wa kuthibitisha majengo yanayojali mazingira, katika toleo lake la 4 inaanzia lita 9.5 kwa dakika, na inachukulia kwamba kila mkazi huoga mara moja kwa siku, dakika 8. Hizo ni lita 76. Ukifunga shawa ya lita 7.6 kwa dakika unabaki na lita 60.8, yaani umepunguza asilimia 20 barabara. Wengi hufunga faili papo hapo, wakiamini sharti la LEED la kupunguza maji kwa asilimia 20 limetimia.

Halijatimia, kwa sababu asilimia hiyo hutakiwa kwa jumla ya vifaa vyote vya ndani. Mkazi huyo huyo anahesabiwa kuflashi choo mara 5 kwa lita 6, kunawa kwenye beseni mara 5, dakika moja moja, kwa lita 8.3, na kufungua bomba la jikoni mara 4 kwa kiasi hicho hicho. Pamoja na kuoga, jumla ni lita 180.7 kwa siku. Zile lita 15.2 ulizookoa bafuni ni asilimia 8.4 tu. Ongeza bomba la beseni la lita 5.7 na la jikoni la 6.8, unafika 18.9. Bado kidogo! Ni choo cha lita 4.8 ndicho kinachokuvusha hadi 22.2.

Kisha kuna shawa mbili katika bafu moja, mtindo unaopendwa sana kwenye fleti za Nyali, Mombasa: ya mvua darini, ya mkono ukutani. Eneo la kuogea lisilofika mita 1.6 za mraba huruhusiwa maji ya shawa moja. Zikiweza kutoka kwa pamoja, hujumlishwa: 7.6 na 7.6 ni 15.2, na hesabu yote imeharibika. Nunua vali ya kugeuzia inayofungua upande mmoja tu. Zipo ambazo kishikio kikiachwa katikati hutoa pande zote mbili, kwa hiyo jaribu dukani kabla ya kulipa.

Sasa presha, na hapa ndipo Mombasa inapoumbua karatasi. Ile lita 9.5 ya LEED hupimwa kwa bar 5.5 (bar ni kipimo cha presha). EDGE, mfumo mwingine wa aina hiyo, nayo hutaka kiwango cha shawa kipimwe kwa bar 3. Nyumba nyingi hapa hupata maji kutoka tangi la juu ya paa, na kila mita 10 za kimo hutoa takriban bar 1. Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa ya ghorofa ya mwisho, una bar 0.3. Shawa ya tundu la kawaida, iliyoandikwa 7.6 kwa bar 3, hapo itatoa kama lita 2.4 kwa dakika. Ndoo ya lita 10 itachukua zaidi ya dakika 4 kujaa. Ghorofa nne chini, kwa bar 1.5, shawa hiyo hiyo hutoa 5.4. Hayo ni kabla ya kupunguza msuguano wa mabomba.

Mpangaji wa juu atafanya nini? Atafungua shawa, atachokoa kile kidude cha plastiki kinachobana maji, na atakitupa. Akija kufungiwa pampu ya kuongeza presha baadaye, shawa hiyo isiyo na kizuizi itamwaga maji mengi kuliko ilivyokusudiwa. Afadhali pampu iwekwe kwenye mchoro tangu mwanzo kwa ghorofa mbili za juu, pamoja na shawa zenye ringi ya mpira inayojibana presha ikipanda. Ringi hiyo haisaidii presha ikiwa chini mno.

Maji ya kisima yana balaa lake. Chokaa huziba matundu madogo upesi, basi chagua matundu ya mpira yanayosuguliwa kwa kidole, na loweka kichwa cha shawa kwenye siki usiku kucha. Kwa shawa ya moto ya umeme, chukua ile ya maji ya chumvi, wala usiongeze kizuizi: maji yakiwa machache hayasukumi swichi ya ndani, na koili haiwaki.

Kabla ya kukabidhi jengo, pima kila ghorofa kwa ndoo na saa. Kwa lita 10, sekunde 79 ni 7.6. Andika na presha ya pale pale, maana namba ya mtiririko pekee haimwambii mkaguzi kitu.