Wakamsindikiza Hata Merikebuni

Wapendwa katika Bwana, neno letu la juma hili ni Matendo ya Mitume 20:17–38 pamoja na mistari sita ya kwanza ya sura ya 21. Naomba mzisome sehemu hizo mbili kwa mfululizo, kwa kuwa ni safari moja.

Paulo alikuwa na haraka ya kufika Yerusalemu kabla ya Pentekoste, hivyo akapita Efeso bila kutia nanga, akashuka Mileto na kuwaita wazee wa kanisa wamfuate huko. Alikuwa amekaa nao miaka mitatu. Katika kuwaaga hakuhesabu waongofu. Aliwakumbusha kwamba hakutamani fedha wala dhahabu wala mavazi ya mtu, kwamba alijitafutia riziki kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba usiku na mchana hakuacha kumwonya kila mmoja wao kwa machozi. Kwa hiyo kilio cha Mileto hakikuanzia Mileto. Wazee waliomwangukia shingoni na kumbusubusu walikuwa wamefundishwa naye nyumba kwa nyumba, na bila shaka wapo waliowahi kuambiwa maneno yasiyopendeza kuyasikia. Luka, mwandishi wa Matendo, anasema kilichowahuzunisha zaidi ni lile neno kwamba hawatamwona uso tena.

Paulo hakuwakemea kwa kulia, wala hakuwaambia kwamba mwenye imani halii. Ni kweli kwamba baadaye, kule Kaisaria, aliwauliza ndugu, “Mnafanya nini, kulia na kunivunja moyo?” Lakini wale walikuwa wakimsihi asipande kwenda Yerusalemu. Wazee wa Efeso walilia huku wakimsindikiza merikebuni, na kati ya kilio kinachomzuia mtu asiitikie wito wake na kilio kinachomtoa aende, tofauti ni kubwa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni Tiro. Huko Paulo na wenzake walikaa siku saba tu, tena baada ya kuwatafuta wanafunzi, jambo linaloonyesha kwamba hawakuwa na mwenyeji aliyewangojea. Hata hivyo siku ya kuondoka ilipofika, waumini wote pamoja na wake zao na watoto wao waliwasindikiza hadi nje ya mji, wakapiga magoti pwani wakaomba, ndipo wakaagana. Siku saba, na watoto wanaletwa pwani kumuaga mgeni!

Sisi wa Malindi tuna sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mji wetu umezoea wa kuja na kuondoka tangu enzi za majahazi yaliyofuata kaskazi na kusi. Hata leo mwalimu hupata uhamisho, muuguzi huitwa kituo kingine, na msimu wa watalii unapokwisha, wafanyakazi wa hoteli hurudi bara na kwaya hupungukiwa na sauti. Ndipo baadhi yetu tumejifunza kumpokea ndugu kwa adabu bila kumpokea kwa moyo, kwa hesabu kwamba hata hivyo ataondoka. Hesabu hiyo inatuepusha na majonzi, lakini inamnyima mgeni ushirika aliokuwa anauhitaji kuliko mwenyeji.

Francisko Xaveri, mmisionari Mkatoliki aliyepita hapa Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa, Uhindi, hakupiga hesabu hiyo. Mwaka 1546, akiwa visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, aliwaandikia wenzake wa Ulaya kwamba alikuwa amekata majina yao kutoka katika barua walizomwandikia kwa mikono yao, ili ayachukue pamoja naye popote aendako. Si wote kati yetu tulio wa kanisa lake, lakini mtu wa namna hiyo hatuwezi kusema kwamba umbali ulimpunguzia upendo.

Nikiruhusiwa kusema neno juu ya desturi yetu, hafla zetu za kuaga zimejaa hotuba, zawadi na picha, na mara nyingi sala huwekwa mwisho, wakati chakula kimekwisha kuandaliwa na watu wanatazama sufuria. Paulo alipiga magoti pamoja nao wote baada ya kuwaweka katika mikono ya Mungu na kwa neno la neema yake. Basi ndugu anayehama juma hili, awe ameishi nasi miaka au msimu mmoja, tumwendee nyumbani kabla ya siku ya safari, tumsaidie kufunga mizigo, tuombe naye watoto wetu wakiwapo, na wazee wamwandikie barua ya kumtambulisha kwa kanisa la huko aendako, ili asifike kama mtu asiye na ndugu.